Uchambuzi wa kisa: Jinsi asyncio ya Python ilivyoongezewa kasi kwa viendelezi vilivyokompailiwa

Machi 2014 toleo la 3.4 la Python lilitoka likiwa na moduli mpya iitwayo asyncio, inayoiwezesha programu kuendelea na kazi nyingine huku ikisubiri mtandao. Moduli hiyo ilitokana na PEP 3156, pendekezo ambalo Guido van Rossum, muasisi wa lugha yenyewe, alikuwa amelianza mwishoni mwa 2012, na karibu msimbo wake wote ulikuwa umeandikwa kwa Python. Septemba 2015 toleo la 3.5 likaleta maneno async na await, yaliyopendekezwa na Yury Selivanov, na tangu hapo mwandishi wa programu akaweza kuhudumia maelfu ya miunganisho ndani ya uzi (thread) mmoja kwa msimbo unaosomeka kwa mfuatano wa kawaida. Wepesi wa kuandika ulipatikana kabla ya kasi. Kila tukio lililotoka kwenye mtandao lilipita katika tabaka kadhaa za Python kabla ya kumfikia aliyekuwa akilisubiri, na seva yenye shughuli nyingi ilitumia sehemu kubwa ya kichakataji kuendesha mitambo ya kusubiri, huku kazi iliyokusudiwa ikipata kilichobaki.

Kisa ninachokichambua ni hatua mbili zilizochukuliwa mwaka 2016 kuondoa hali hiyo. Mei mwaka huo Selivanov alitangaza uvloop, kitanzi cha matukio, yaani sehemu inayosubiri matukio na kuita funksheni inayohusika na kila moja, kilichoandikwa kwa Cython (lugha inayofanana na Python lakini inayogeuzwa kuwa C) juu ya libuv, maktaba ya C iliyozaliwa kwa ajili ya Node.js, jukwaa la kuendeshea JavaScript kwenye seva. Kisha tarehe 23 Desemba toleo la 3.6 la Python likatoka likiwa na klasi za Future na Task, zinazosimamia kazi za kusubiri, zilizoandikwa upya kwa C, kazi iliyofanywa na Selivanov pamoja na INADA Naoki. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu programu za watumiaji hazikulazimika kubadilishwa. Aliyehamia uvloop aliongeza mstari mmoja au miwili mwanzoni mwa programu; aliyehamia toleo la 3.6 hakuongeza chochote. Msimbo uleule wa skripti ulianza kwenda kwa kasi zaidi kwa sababu kilichokuwa chini yake kilikuwa kimekompailiwa, yaani kimegeuzwa mapema kuwa maagizo ya kichakataji. Kwamba C ina kasi kuliko Python kila mtu anajua. Kinachostahili kuchunguzwa hapa ni mahali ambapo mpaka kati ya lugha hizo mbili uliwekwa, na ni mara ngapi tukio moja linalazimika kuuvuka.

Tuchukue seva rahisi kuliko zote, inayopokea ujumbe wa kilobaiti 1 na kumrudishia aliyeutuma kama ulivyo. Katika asyncio ya kawaida kwenye Linux, kitanzi kinaiuliza kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kupitia mwito wake wa epoll ni soketi zipi (yaani ncha za miunganisho) zina data. Jibu linapita katika moduli ya selectors, ambayo nayo imeandikwa kwa Python, na moduli hiyo inajenga orodha ya jozi, kila jozi ikiwa na soketi na aina ya tukio. Kitanzi kinaipitia orodha hiyo na kwa kila jozi kinatafuta objekti ndogo iitwayo Handle, yaani kifurushi cha funksheni na hoja zake, ambacho kinawekwa kwenye foleni ya vilivyo tayari. Baada ya hapo kitanzi kinaipitia foleni, kinatoa Handle moja baada ya nyingine na kuziendesha. Handle inaiita funksheni ya kusoma, funksheni hiyo inaita recv kwenye soketi, na hatimaye baiti zilizopatikana zinakabidhiwa kwa funksheni ya data_received, ambayo ndiyo ya kwanza katika safari hii yote kuwa mali ya mwandishi wa seva.

Katika mlolongo huo, mambo yanayohitaji kweli mfumo endeshi ni matatu tu: kusubiri, kupokea na kutuma. Yaliyobaki ni utunzaji wa kumbukumbu za kazi: kuunda objekti, kutafuta majina ya sifa kwenye kamusi za klasi, kuongeza na kutoa kwenye foleni, kuita funksheni ambayo nayo inaita nyingine. Kila kimoja kinagharimu sehemu ya mikrosekunde na mtu anaweza kukidharau. Lakini seva ikitakiwa kurudisha jumbe 100,000 kwa sekunde, kila ujumbe unapata mikrosekunde 10 kwa jumla, na kerneli itachukua fungu lake humo humo. Hapo ndipo vijisehemu hivyo vinapogeuka kuwa gharama kuu ya seva.

Kuna sehemu moja ya safari hii ambayo ningependa isomwe kwa makini kuliko nyingine, nayo ni upokeaji wa baiti. Asyncio inapoita recv, inaomba hadi kilobaiti 256, kwa kuwa haijui ni data kiasi gani imefika. CPython, yaani Python ya kawaida iliyoandikwa kwa C, inatekeleza ombi hilo kwa kuunda kwanza objekti ya baiti yenye ukubwa wote huo, kisha kuijaza kwa kilichopatikana, kisha kuipunguza ilingane na idadi halisi. Ujumbe wa kilobaiti 1 kwa hiyo unasababisha nafasi ya kilobaiti 256 itengwe na papo hapo ifinywe, na hilo linarudiwa kwa kila ujumbe. Ni sawa na kuagiza pipa jipya kila unapotaka kuteka kikombe cha maji. Isitoshe, mgao wa ukubwa huo hauwezi kupita kwenye kigawaji kidogo cha kumbukumbu cha Python, ambacho ndicho chenye kasi, kwa sababu kinashughulikia objekti zisizozidi baiti 512.

Uvloop inafanya vingine. Kitanzi chake kina bafa moja ya kudumu, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kupokelea data, yenye takriban ukubwa uleule, baiti 256,000, iliyo ndani ya muundo wa C wa kitanzi chenyewe. Libuv inapotaka mahali pa kuweka data inapewa pointa, yaani anwani, ya bafa hiyo. Ikimaliza kusoma, uvloop inaunda objekti ya baiti yenye ukubwa kamili wa kilichofika, inanakili kilobaiti 1 iliyopo, na bafa inabaki palepale kwa ajili ya soketi inayofuata. Mpango huu ni salama kwa sababu kitanzi kinaendeshwa na uzi mmoja, hivyo soketi mbili haziwezi kusoma kwa wakati mmoja, na msimbo wa uvloop una alama inayohakikisha jambo hilo na kutoa kosa endapo bafa itaombwa huku bado inatumika. Tuzingatie hapa kwamba sehemu kubwa ya faida haitokani na kukompailiwa peke yake. Inatokana na mpango wa kumbukumbu ambao ni rahisi kuupanga mtu akiwa upande wa C, na ambao moduli ya Python iliyojengwa juu ya recv ya kawaida haikuwa na njia nzuri ya kuufikia. Toleo la 3.7 baadaye lilileta BufferedProtocol, ambayo inamruhusu mwandishi wa itifaki (yaani klasi ya mtumiaji inayopokea na kutuma baiti) kutoa bafa yake mwenyewe, na naiona kama kukiri kwamba tatizo lilikuwa kwenye mpango.

Safari ya ujumbe ndani ya uvloop inakuwa fupi kwa njia nyingine pia. Orodha ya matukio haijengwi tena kama objekti za Python, kwa sababu libuv inasoma majibu ya epoll moja kwa moja na kuita funksheni ya C iliyosajiliwa kwa soketi husika. Wakati wa kusubiri, kufuli kuu la kifasiri (GIL), linaloruhusu uzi mmoja tu kuendesha Python kwa wakati mmoja, linaachiwa, na linachukuliwa tena pale tu funksheni ya Cython inapoanza kugusa objekti za Python. Klasi za ndani zimetangazwa kwa namna ambayo sifa zao ni nafasi ndani ya muundo wa C, zinazofikiwa kwa kuhesabu umbali kutoka mwanzo wa muundo, bila kutafuta jina kwenye kamusi. Handle za uvloop zikitumika kwa kazi za ndani ya kitanzi hubeba pointa ya funksheni ya C badala ya funksheni ya Python pamoja na furushi la hoja zake. Vilevile objekti hizo hazitupwi baada ya matumizi: idadi fulani yake hutunzwa kwenye akiba na kupewa kazi tena, hivyo kigawaji cha kumbukumbu hakisumbuliwi kila mara. Upande wa kutuma, data yote ambayo itifaki imeomba itumwe katika mzunguko mmoja wa kitanzi hukusanywa na kupelekwa kwa pamoja, na hilo linapunguza idadi ya miito kwa kerneli seva inapoandika vipande vidogo vidogo.

Matokeo ambayo watunzaji wa uvloop waliyatangaza ni kwamba asyncio inakwenda mara 2 hadi 4 kwa kasi zaidi, na katika jaribio la seva ya mwangwi yenye jumbe za kilobaiti 1 kasi ilivuka maombi 100,000 kwa sekunde. Jaribio hilo lilipimwa kwa njia tatu: kwa soketi ghafi, kwa streams, yaani kiolesura cha juu cha kusomea na kuandikia, na kwa itifaki zinazopokea baiti moja kwa moja. Mtu anayetaka kuelewa kisa hiki aangalie tofauti kati ya njia hizo badala ya kushika namba kubwa peke yake. Itifaki zinafaidika zaidi, kwa kuwa kutoka libuv hadi data_received mpaka unavukwa mara moja. Streams zinafaidika kidogo, kwa kuwa msomaji na mwandishi wake ni klasi za Python zilizokaa juu ya kitanzi chochote kile, na uvloop haizigusi.

Hatua ya pili, ile ya toleo la 3.6, ilihusu sehemu ambayo kitanzi hakiwezi kuifikia. Mwandishi anapoandika await, korutini, yaani funksheni inayoweza kusimama na kuendelea baadaye, inasimama na kutoa nje objekti ya Future, ambayo inashikilia jibu ambalo bado halijafika. Task ndiyo inayoiendesha korutini: inaisukuma, inapokea Future iliyotolewa, inaisajilia funksheni ya kuiamsha, na inaondoka. Jibu likifika, Future inamwambia kitanzi aiite Task, Task inaisukuma korutini tena, na mzunguko unaendelea. Programu iliyojaa await inapita hapa mara nyingi kuliko inavyosoma soketi, kwa sababu hata kusubiri foleni ya ndani au kufuli kunapitia Future.

Klasi hizi zilipoandikwa kwa C, ziliwekewa njia ya mkato ambayo ni somo zuri kwa yeyote anayeandika kiendelezi, yaani moduli iliyokompailiwa inayoitwa kutoka Python. Task inapopokea objekti kutoka kwa korutini, inaangalia kwanza kama aina yake ni Future au Task ileile ya C, si klasi iliyoirithi. Ikiwa ndivyo, inasoma na kuandika nafasi za muundo wa C wa objekti hiyo moja kwa moja, na usajili wa funksheni ya kuamsha haupiti kwenye sifa yoyote ya Python. Ikiwa objekti ni ya klasi iliyorithi au ya aina nyingine inayofanana, Task inarudi kwenye njia ndefu ya kutafuta sifa kwa majina na kuita mbinu kama msimbo wowote wa Python, kwa kuwa mrithi anaweza kuwa amebadilisha tabia. Maana yake ni kwamba mtu anayerithi Future ili aongeze jambo dogo, tuseme jina la kumbukumbu au hesabu ya muda, anaitoa programu yake kwenye njia ya kasi bila onyo lolote. Toleo la 3.7 liliendeleza mwelekeo huohuo: usajili wa funksheni kwenye Future uliboreshwa kwa kutambua kwamba mara nyingi anayesubiri ni mmoja tu, hivyo funksheni ya kwanza ina nafasi yake na orodha haiundwi hadi wa pili ajitokeze, na get_event_loop iliandikwa upya kwa C, ikawa na kasi hadi mara 15 kuliko ilivyokuwa.

Sasa tuangalie mahali ambapo mpango huu haukuzaa matunda, kwa sababu ndipo wengi wanapovunjika moyo. Selivanov alipoitangaza uvloop alionyesha pia majaribio ya HTTP, na katika majaribio hayo aiohttp, maktaba iliyokuwa ikitumika sana kwa kazi hiyo, haikupata faida iliyotarajiwa. Sababu ilikuwa kichanganuzi cha HTTP, yaani sehemu inayosoma vichwa vya ombi, ambacho kilikuwa cha Python na kizito kiasi kwamba kitanzi kilicho chini yake hakikuleta tofauti kubwa. Dawa iliyotolewa ilikuwa httptools, kifungashio cha Cython juu ya kichanganuzi cha C cha Node.js, na baadaye aiohttp nayo ikajipatia kichanganuzi kilichokompailiwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kitanzi na mitambo yake vinakula asilimia 60 ya muda wa kichakataji. Vikiongezewa kasi mara 4, asilimia 60 inashuka hadi 15, jumla inakuwa 55 badala ya 100, na seva nzima inakwenda mara 1.8. Lakini vikiwa vinakula asilimia 20 tu, hata vikifanywa visigharimu chochote, seva haitavuka mara 1.25. Kwa hiyo anayefikiria kubadilisha kitanzi apime kwanza muda unakwenda wapi, na nasisitiza hili kwa sababu kuongeza uvloop ni rahisi mno hivi kwamba watu huiongeza, wakaona tofauti ndogo, wakahitimisha kwamba viendelezi havina maana.

Kuna jambo jingine ambalo viendelezi hivi havigusi. Kitanzi kikiwa cha Python au cha C, kinaendesha funksheni moja kwa wakati mmoja, na funksheni inayokaa muda mrefu inawazuia wengine wote. Asyncio ina hali ya uchunguzi, inayowashwa kwa PYTHONASYNCIODEBUG, ambayo inaandika onyo kila funksheni inapozidi sekunde 0.1 bila kuachia kitanzi. Seva yenye maonyo ya aina hiyo ina tatizo ambalo kitanzi chenye kasi hakitalitibu.

Uwezekano wa kubadilisha kitanzi chini ya programu inayofanya kazi ulitokana na uamuzi uliofanywa kabla ya yote haya. PEP 3156 ilieleza kitanzi kama kiolesura: mbinu zipi zinapaswa kuwapo, zinapokea nini, zinarudisha nini, na ikaweka sera inayoamua kitanzi kipi kitumike. Nia iliyotajwa ilikuwa kuziwezesha maktaba zilizokuwapo, kama Twisted na Tornado, kukutana mahali pamoja, lakini kiolesura hichohicho ndicho kilichouruhusu mradi wa nje ya maktaba ya msingi ya Python kuleta kitanzi kizima kilichokompailiwa bila kuomba mtu yeyote abadilishe msimbo wake. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora katika kisa chote, na ulifanywa na watu ambao wakati huo hawakuwa wakishughulikia kasi.

Gharama nazo zipo. Anayeandika kiendelezi kwa C anahesabu marejeo ya kila objekti, yaani ni sehemu ngapi bado zinaitumia, kwa mkono wake. Akisahau kupunguza, kumbukumbu inavuja, akipunguza mara mbili, programu nzima inaanguka bila maelezo ya kosa ambayo mtu wa Python amezoea kuyaona. Uvloop ilichagua Cython, ambayo inaandika hesabu hizo yenyewe, na nadhani bila uamuzi huo mradi wa ukubwa ule usingewezekana kwa kundi dogo. CPython yenyewe haitegemei Cython, ndiyo maana Future na Task ziliandikwa kwa C halisi. Juu ya hapo PEP 399 ya mwaka 2011 inataka moduli ya maktaba ya msingi iliyoongezewa kasi kwa C ibaki na toleo lake la Python lenye tabia ileile, hivyo majaribio ya Future huendeshwa kwa klasi ya C, kwa klasi ya Python, na kwa klasi zinazozirithi. Kazi hiyo ni ya kuchosha, lakini ndiyo inayomhakikishia mtumiaji kwamba kasi haikununuliwa kwa kubadilisha maana. Uvloop kwa upande wake haifanyi kazi kwenye Windows, na anayeandika maktaba ya watu wote hawezi kuitegemea kama kitu kilichopo kila mahali.

Pengo kati ya uvloop na asyncio ya kawaida limeendelea kupungua. Toleo la 3.12, lililotoka Oktoba 2023, liliandika current_task kwa C, likapunguza unakili wa data wakati wa kutuma kwenye soketi, na likaleta Task zinazoanza kuendeshwa papo hapo bila kungoja zamu kwenye foleni, jambo linalosaidia sana pale korutini inapomaliza kazi bila kusubiri kitu chochote, kwa mfano jibu linapopatikana tayari kwenye akiba. Maboresho ya aina hii ya mwisho yanafaidi kitanzi chochote, uvloop ikiwemo.

Kwa anayetaka kujua programu yake imesimama wapi leo, kuna ukaguzi mdogo wa kuanzia. Asyncio inapopakiwa inajaribu kuleta moduli ya _asyncio, ile ya C, na isipoipata inaendelea na klasi za Python bila kusema neno. Chapisha asyncio.Task.__module__ ndani ya mazingira halisi ya uendeshaji: ikitokea _asyncio, njia ya kasi ipo; ikitokea asyncio.tasks, umejengewa Python isiyo na kiendelezi hicho, na hilo lirekebishwe kabla ya kufikiria kitanzi kingine. Kisha, ndani ya korutini yoyote, chapisha aina ya kitanzi kinachorudishwa na asyncio.get_running_loop(), kwa sababu uvloop iliyosakinishwa bila kuwekwa kuwa kitanzi cha programu haifanyi kazi yoyote. Mwisho, pitia msimbo wako na wa maktaba unazozitumia, utafute klasi zinazorithi Future au Task, na kwa kila moja uulize kama ilichoongeza kinastahili kuitoa programu kwenye njia ya mkato.